Siku Yangu na Mijusi wa Pwani: Mkia Unaokatika, Mwili Unaovimba na Maiti Anayepumua

Saa 12:30 asubuhi

Natunza wanyama watambaao katika bustani ndogo ya nyoka na mijusi huku Kilifi, si mbali na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kazi yangu ya kwanza kila siku ni kutazama tu. Ni mwezi wa saba, kusi inavuma, na mawe ndani ya vizimba bado ni ya baridi. Mjusi hulipata joto lake juani, kwa hiyo alfajiri kama hii mwili wake bado mzito.

Saa hizi ndizo za kung'atwa. Mjusi aliyekwisha kuota jua ukimkaribia atakukimbia. Ambaye hajaota anajua mbio hana, basi husimama pale pale, akaachama mdomo na kuuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 1982 juu ya mijusi wa jamii ya Agama ulionyesha jambo hilo: mwili ukipoa, mjusi huacha kukimbia na kuanza kupigana. Vijana wanaojifunza kazi huniambia fulani ni mkali. Nawaambia wasubiri jua lifike kwenye mawe ndipo waingie kufagia.

Saa 2:00

Zamu ya vinyonga. Tunao wale wa kijani wanaoonekana sana huku pwani, wenye vikunjo viwili vya ngozi nyuma ya kichwa. Nikifungua mlango, yule jike mkubwa anauzunguka ufito taratibu mpaka ufito uwe kati yake na mimi. Anajibana ubavu kwa ubavu hadi anakuwa mwembamba kuliko unavyodhani mnyama anaweza kuwa. Kinachobaki kuonekana ni vidole na jicho moja linalochungulia.

Ukimsogelea zaidi, mambo yanageuka. Anakuonyesha ubavu, anavimba, anainua vile vikunjo, anapanua mdomo ulio rangi ya chungwa ndani na kupuliza. Watu wengi huku wakiona hivyo huokota jiwe, maana wameambiwa tangu utoto kwamba kinyonga ana sumu. Kinyonga hana sumu. Vitisho vyote vile ni vya mnyama asiyejua kukimbia na ambaye hata mkia wake haukatiki, na ukiumia hauoti mwingine.

Msituni onyesho hilo linaweza kumwokoa mara moja kwa siku nyingi. Kizimbani, kama mtunzaji hajali, atalazimika kulifanya kila mlango unapofunguliwa. Kinyonga anayebadilika kuwa mweusi kila asubuhi huacha kula na hudhoofika mbele ya macho yako. Kwa hiyo mimi huingia nimeinama, mkono ukitokea chini, kwa sababu kinachotokea juu yake kwa kawaida ni ndege wa kumla. Naweka panzi kwenye kikombe, narudi nyuma, namwachia nafasi.

Wale vinyonga vibete wa chini ya majani makavu nawahesabu kwa macho bila kuwagusa. Wamefanana na jani lililokauka, na jamii hizo ukiwashika hutetema mkononi kama simu iliyozimwa sauti, mpaka uwaachie kwa kushtuka.

Saa 4:15

Simu inalia. Mama mmoja upande wa Gede, kenge ameingia banda la kuku. Nachukua glavu za ngozi na gunia, napanda bodaboda.

"Hodi, mama."

"Karibu mwanangu, fanya haraka, vijana wanataka kumuua."

Ni kenge wa nchi kavu, yule mwenye koo jeupe, urefu wake kama mita moja hivi. Amejikunja pembeni, shingo imevimba, anapuliza, na mkia umepinda tayari. Mkia ule ni kiboko hasa: aliyechapwa nao mguuni hasahau. Nawaomba vijana warudi nyuma na mbwa wao, namfunika kichwa kwa gunia, namkamata shingoni na kwenye shina la mkia.

Hapo hapo akalegea. Kichwa kikaning'inia, ulimi ukatoka, akajichafua na kunichafua na mimi, harufu yake sitaki kuieleza. Kijana mmoja akasema, "Mjomba, ushamuua." Mama naye akasema basi mtupe kule kichakani.

Nikamwita mama asogee atazame ubavu, nyuma kidogo ya mguu wa mbele. Ngozi ilikuwa inapanda na kushuka, polepole mno, ukipepesa macho hukuona. Kenge hawa wakishindwa kwa vitisho hujifanya maiti. Wawindaji wengi huchochewa na kinachohangaika. Kinachotulia na kunuka huwapotezea hamu, na mshiko ukilegea kidogo tu, kenge yuko mbali. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, lakini nilifurahi zaidi kuona mmoja wa vijana amepiga magoti anatazama ule ubavu, fimbo ameiweka kando.

Saa 7:00 mchana

Wali na samaki, haraka. Kabla sijamaliza, mgeni anataka nimtolee guruguru kwenye ufa wa mwamba apige picha. Hatoki, wala simvuti. Guruguru ana magamba magumu yaliyopangwa kwa safu, na akiingia ufani hujaza mapafu hewa hadi mwili unabana kuta pande zote. Ukimvuta utamvunja kitu kabla hujamtoa. Msituni, kucha za mwewe na mkono wa nyani hushindwa papo hapo. Mgeni alisubiri nusu saa na picha akaipata, guruguru akiwa amelala juani kwa hiari yake.

Saa 8:30

Wanafunzi wa shule ya msingi. Hiki ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote. Nawaeleza juu ya mjusi mwenye pembe wa Texas na Mexico, ambaye akibanwa na mbwa au koyote, mbwa mwitu wa huko, huzuia damu isitoke kichwani mpaka mishipa midogo ya kwenye kope ipasuke, kisha huirusha damu kutoka machoni, hata zaidi ya mita 1. Jamii ya mbwa huichukia ladha yake. Ndege hamrushii ovyo. Silaha hiyo hasa ni dhidi ya mbwa. Kuna kinyonga mdogo wa Afrika Kusini naye huchagua hivyo: utafiti wa mwaka 2008 uligundua kwamba hufanana na mazingira yake zaidi mbele ya ndege kuliko mbele ya nyoka, kwa kuwa ndege huona rangi vizuri zaidi.

Kisha mijusi wa Madagaska na Komoro wenye magamba makubwa kama ya samaki. Ukiwashika, magamba na ngozi hubaki mkononi, mwenyewe anachomoka akiwa uchi, rangi ya waridi. Mmoja wao alitangazwa rasmi kama spishi mpya mwaka 2017. Watafiti wa zamani walikuwa wakiwashika kwa pamba ili wasiwavue, na magamba huota tena baada ya wiki chache.

Katikati ya maelezo mvulana mmoja akamdaka mjusi kafiri ukutani. Mjusi akaenda zake, mkia ukabaki sakafuni ukirukaruka, na darasa zima likapiga kelele. Nikawaita wote wauzunguke. Damu karibu hakuna. Ndani ya pingili za mkia kuna sehemu zilizo tayari kukatika, na misuli hubana mishipa mara moja. Mkia unaendelea kujipindapinda kwa dakika kadhaa ili adui ashughulike nao.

"Ataota mwingine, mwalimu?" msichana wa mbele akauliza.

Ataota, lakini ndani utakuwa na gegedu badala ya mifupa. Na mkia ni mahali anapoweka mafuta yake, chakula cha siku za njaa. Kujiokoa kwa namna hii kuna gharama, na mjusi anailipa mwilini mwake kwa miezi. Nilisema hivyo kwa upole, maana mvulana alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa. Baadaye ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote.

Saa 11:00 jioni

Kwa ruhusa ya maafisa wa wanyamapori, nampeleka kenge pembeni mwa msitu, kwenye miti ya mirihi, mbali na mabanda. Nafungua gunia, namlaza, najitenga. Bado maiti. Dakika zikapita, ulimi ukatoka safari hii ukipapasa hewa, kichwa kikainuka, na nilipofikiri ataanza kutembea akatimka moja kwa moja.

Simu ikalia nikiwa barabarani.

"Mwanangu, yule mdudu alikufa?"

"Hakufa mama, amekimbia."

"Atarudi kwa kuku wangu?"

"Huyu yuko mbali, lakini wapo wenzake. Lile tundu la nyuma ya banda lizibwe kwa waya kabla ya magharibi, na mayai usiyaache yalale humo."

Akasema mjukuu wake ameshapelekwa dukani kununua waya.