Nilivyobadilisha programu za vihisi vya matangi bila kupanda mlima

Vihisi ninavyovihudumia vinapima kina cha maji kwenye matangi ya vijijini, kwenye miteremko ya Uluguru juu ya Morogoro. Kila tangi lina kisanduku chenye betri, paneli ndogo ya sola na redio ya LoRa (redio ya masafa marefu inayokula umeme kidogo) inayorusha vipimo hadi kwenye mlingoti mmoja. Upande wa vipimo sina malalamiko. Kimoja kikipotea, kingine kinakuja baada ya muda mfupi na hakuna anayestuka.

Kasheshe ni pale unapotaka kubadilisha programu iliyo ndani ya kihisi. Hapo ikikosekana baiti moja tu, kifaa hakiwaki. Kwa hiyo tulizoea kubeba laptopu mgongoni, kupanda hadi kwenye kila tangi, kufungua kisanduku na kuchomeka waya. Masika njia zile ni utelezi mtupu, na kuna matangi ambayo bodaboda anakushusha katikati ya safari na kukwambia, "Kaka, mimi mwisho wangu hapa." Nikaamua programu ipande mlima yenyewe, kwa redio.

Faili langu lina baiti 19,200. Nililikata vipande 400 vya baiti 48 na kuvirusha kimoja kimoja kwa vihisi vyote kwa pamoja. Kila kihisi kilikosa vipande kadhaa, na hakuna viwili vilivyokosa vilevile.

LoRa ina kinga yake tayari. Kwa kila biti 4 (zile 0 na 1) za taarifa inaongeza biti 1 hadi 4 za ulinzi, ndiyo maana kwenye mipangilio unaona 4/5 hadi 4/8. (Waliowahi kufunga dishi wanaijua hadithi hii: ile FEC ya 3/4 au 5/6 unayoingiza kwenye king'amuzi ni ndugu yake.) Kwenye 4/5 redio inaweza kugundua kosa tu. Ikifika 4/7 na 4/8 inaweza kurekebisha biti moja iliyogeuka, kwa hesabu aliyoichapisha Richard Hamming mwaka 1950. Nikapandisha hadi 4/8. Muda wa kila pakiti, yaani kila kipande kinachorushwa, hewani uliongezeka karibu nusu, lakini upotevu haukupungua kwa maana yoyote. Sababu ni kwamba milimani kinachopotea si biti mbili tatu ndani ya pakiti, ni pakiti nzima: imegongana na nyingine, au mawimbi yamezibwa na kilima. Pakiti isiyofika huwezi kuirekebisha kwa biti zilizokuwa ndani yake.

Kuviuliza vihisi vimekosa nini nako ni balaa. Vyote vinajibu kwa mkupuo, majibu yanagongana, na ukirudia kipande cha 37 kwa ajili ya tangi moja, mengine yote yanasikiliza na kula betri bure.

Kilichonitoa ni kurusha michanganyiko badala ya vipande. Tuseme kipande A ni 1011 na B ni 0110. Vilinganishe biti kwa biti: zikifanana andika 0, zikitofautiana andika 1. Unapata 1101. Kihisi kilichokosa A kinalinganisha 1101 na B yake, kinapata 1011. Kilichokosa B kinalinganisha 1101 hiyohiyo na A, kinapata 0110. Pakiti moja imeziba mapengo mawili tofauti kwenye matangi mawili, na mimi sikuhitaji kujua nani alikosa nini.

Nikalipanua wazo hilo. Baada ya vipande 400 vya kawaida, mlingoti unaendelea kurusha michanganyiko, kila mmoja ukichanganya karibu nusu ya vipande vyote kwa bahati nasibu. Orodha ya vilivyochanganywa haitumwi. Namba ya pakiti ndiyo mbegu, na kihisi kinaitumia kuzalisha orodha hiyohiyo chenyewe. Kihisi kilichokosa vipande 30 kinahitaji michanganyiko 30 na ushee. Kikipata 10 ya ziada, uwezekano wa kushindwa kufungua faili ni chini ya 1 kati ya 1,000. Kilichokosa 5 kinamaliza mapema, kinatuma neno moja la "tayari" na kulala. Huo ndio unyumbufu niliokuwa nautafuta: sipangi mapema kiasi cha kinga, kila tangi linachota linachohitaji. Michael Luby alichapisha misimbo ya namna hii isiyo na kikomo mwaka 2002, na utaratibu wa LoRaWAN (kanuni za mitandao ya LoRa) wa kusambaza faili nao unategemea misimbo ya ukoo wa ile aliyoibuni Robert Gallager pale chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sikubuni kitu, nilikipachika tu kwenye kifaa kidogo.

Udogo ndio ulionisumbua zaidi. Kila mchanganyiko ni mlinganyo ambao visivyojulikana ni vipande vilivyokosekana, na kuitatua milinganyo hiyo kunahitaji jedwali, na kumbukumbu ya kihisi haifiki mbali. Nikaweka kikomo cha mapengo 128: jedwali la biti 128 kwa 128 ni baiti 2,048, linatosha. Programu mpya inaandikwa pembeni, ya zamani ikibaki mahali pake, na kihisi hakihamii kwenye mpya mpaka jumla ya ukaguzi (namba inayokokotolewa kutoka kwenye baiti zote) ya faili zima ikubaliane na niliyoituma.

Siku ya kwanza kurusha kwa dhati, mlinzi wa tangi mojawapo alinipigia. "Fundi, hii taa yako ya kijani leo inapepesa bila kupumzika. Niizime?"

"Shikamoo mzee. Usiiguse kabisa, iache imalize."

Ikamaliza. Liko tangi moja tu nyuma ya kilima ambalo huvuka mapengo 128 karibu kila mara. Hilo nalirushia vipande vyote mara ya pili usiku, redio nyingine zikiwa zimetulia, ndipo michanganyiko ifuate.