Kitabu alichoniachia baba

Nakala ya Juliasi Kaizari aliyoniachia marehemu baba imeshonwa mgongoni kwa uzi mweusi, na kurasa zake bado zinanukia moshi wa kibatari. Ni tamthilia ya Shakespeare, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Aliitoa kwanza 1963, akairekebisha 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice, yaani “Mfanyabiashara wa Venisi”. Rais wa nchi changa, na bado anahangaika na mashairi ya Shakespeare! Tena kachagua “mabepari”, si “wafanyabiashara”. Neno hilo hunisimamisha kila nikiliona.

Jana nilimsimulia binti yangu kwamba Shakespeare alipofariki Stratford mwaka 1616, tamthilia hii ilikuwa haijapigwa chapa. Waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, ndio waliokusanya tamthilia zake 36, zikatoka London mwaka 1623. Nusu yake zilikuwa hazijawahi kuchapishwa, Macbeth ikiwemo. Wangechoka wale wawili, baba asingekuwa na kitabu cha kushona.

“Kwa hiyo mama, rafiki zake ndio walioziokoa?”

“Ndio hao, mwanangu.”

Akakipokea kwa mikono miwili, akaanza kusoma kwa sauti.