Siku moja kwenye dawati la utetezi wa kimataifa

Saa 2 asubuhi. Ujumbe wa usiku: kliniki ya jamii inayotoa dawa za kufubaza VVU imefungwa, na shirika linaloiendesha limesimamishiwa usajili. Hiyo ni taarifa, bado si ushahidi. Maswali yanarudi huko huko: nani kaamuru, kwa barua au kwa mdomo, tarehe ipi, kwa kifungu gani, na wagonjwa wanachukua wapi dawa leo? Picha ya barua yenye muhuri huwa na uzito kuliko kurasa kumi za masikitiko.

Saa 4. Idhini, sehemu inayoharakishwa kuliko zote na ndiyo inayoumiza watu. Wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa, yaani wataalamu huru wanaofuatilia kila mmoja haki fulani, wakikubali malalamiko tunayowatumia, huiandikia serikali, na baada ya siku 60 barua huwekwa hadharani. Kwa hiyo kila mhusika aulizwe peke yake maswali mawili: jina lako lionwe na serikali? Lichapishwe? "Sawa" ya kwenye kundi la simu haihesabiki. Anayekataa ataelezwa bila jina.

Saa 6. Kuandika. Fomu moja ya mtandaoni huwafikia wataalamu kadhaa kwa pamoja. Hapa ni wa haki ya afya, wa uhuru wa kujumuika na wa watetezi wa haki. Kwanza nahakikisha nchi imeridhia mikataba: ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni kwa afya, ya 22 ya Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa kwa kujumuika. Kama haijaridhia, naegemea Azimio la Watetezi wa Haki za Binadamu la 1998. Si lazima kumaliza mahakama za ndani kwanza, tofauti na malalamiko kwa kamati zinazosimamia mikataba hiyo. Ila matusi, au madai yaliyookotwa magazetini tu, hayapokelewi.

Saa 9. Ripoti ya UPR, mapitio ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ambayo kila nchi hupitia takriban kila miaka minne na nusu na kupewa mapendekezo na nchi nyingine. Ripoti ya shirika moja isizidi maneno 2,815, ya muungano wa mashirika, 5,630. Wengi humaliza nafasi kwenye historia ya nchi, ambayo wanadiplomasia wanaijua. Pendekezo la "kuboresha afya" serikali hulikubali kwa tabasamu, kwa kuwa halina cha kupimwa. "Kufuta kifungu kinachodai kibali cha waziri kabla ya kupokea fedha za nje" linapimika. Balozi wa nchi itakayotoa pendekezo hupelekewa ukurasa mmoja wenye mapendekezo mawili au matatu, miezi kabla ya kikao. Ukumbini kila nchi ina dakika chache mno, na hotuba huwa zimeshaandikwa.

Saa 11 jioni. Malalamiko yanatumwa. Namba ya kumbukumbu inahifadhiwa kwenye faili lililosimbwa. Wahusika wanapigiwa kukubaliana nani atoe taarifa wakitishwa kwa sababu ya barua hii, maana kisasi nacho kina dawati lake Umoja wa Mataifa, na dawati hilo litauliza tarehe vilevile.