Juisi iliyoongezeka vitamini kwenye sufuria

Mwaka 2014 mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alinijia na mradi wa volkano: magadi soda na siki. Nikamkatalia. Povu likishatulia, hakuna namba ya kuandika daftarini. Nikamuuliza ni jambo gani la jikoni kwao analolitilia shaka. Akafikiri, kisha akasema, "Mama huchemsha juisi ya machungwa isichache. Vitamini C inabaki kweli, Mwalimu?"

Tukashika hilo. Duka la dawa lilitupatia vidonge vya vitamini C vya miligramu 100 na ile dawa ya vidonda ya kahawia, povidoni iodini ya asilimia 10. Tulichukua mililita 20 za dawa, tukaongeza maji hadi 100. Kidonge kimoja tulikisaga na kukiyeyusha katika maji mililita 100, hivyo kila mililita 10 zikawa na miligramu 10. Wanga ulitoka kwenye unga wa muhogo, kijiko cha chai kwa kikombe cha maji. Mara ya kwanza aliukoroga na maji baridi, rangi ikaja madoamadoa, maana punje zake hazikuwa zimepasuka. Lazima uchemshwe.

Kazi yenyewe ni bomba la sindano la mililita 10 na subira. Unadondosha iodini kwenye juisi, au maji ya kidonge, iliyotiwa wanga kidogo. Vitamini C huiondolea iodini rangi. Vitamini ikiisha, tone linalofuata hukutana na wanga na kugeuka bluu-nyeusi. Usisimame kwenye bluu ya kwanza. Tikisa, subiri ile inayodumu sekunde 20.

Mililita 10 za maji ya kidonge zilikula mililita 7.2 za iodini. Juisi mbichi iliyochujwa, kiasi kilekile, ilikula 3.6, yaani miligramu 5. Iliyochemshwa dakika kumi ikala 4.4. Alirudia mara tatu.

"Mwalimu, imeongezeka!"

Nilimwambia achemshe nyingine, safari hii apime ujazo kabla na baada. Aliweka mililita 100, zikabaki 70: maji yalikwenda na mvuke, vitamini ikasongamana katika kilichobaki. Akajazia maji hadi 100, akapima upya. 3.0, kama miligramu 4.2.

Alitaka kuifuta ile 4.4. Nikamzuia. Aliiacha palepale, akaandika pembeni: "Sufuria ilikuwa wazi, ujazo haukupimwa."