Msimu wa karafuu na laptopu isiyotaka kulala

Natunza hesabu za shamba la mjomba wangu, upande wa Wete: nani kachuma pishi ngapi, nani keshachukua chake, nani bado anadai. Jioni karafuu zinapopimwa, mjomba huniita, "Mjomba, andika," nami nafungua laptopu, natia mstari mmoja kwenye LibreOffice, nafunga. Anakuja mwengine, nafungua tena. Shambani hakuna soketi, na nikirudi nyumbani usiku pengine umeme umezimika. Kwa hiyo saa ambazo betri inakaa nikiwa naandika hazinishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni mashine inafanya nini wakati imefungwa.

Yangu, ya mtumba na imetiwa Debian (aina moja ya Linux), ilikuwa haifanyi jambo la maana. Naifunga jioni ina chaji zaidi ya nusu, asubuhi imekufa. Siku nyengine naitoa mkobani baada ya safari ya gari ya 606 kutoka Chake, nakuta ina joto. Fundi akanambia betri imechoka, ninunue nyengine. Betri ilikuwa nzima kabisa.

Fungua terminali, uliza:

cat /sys/power/mem_sleep

Kwangu yalikuja maneno mawili, s2idle na deep, yaani namna mbili za mashine kulala. Lile lililowekewa mabano ndilo linalotumika, na kwangu lilikuwa s2idle. Huko mashine haizimi vitu, inavituliza tu: prosesa haina kazi, na kila kifaa kinatarajiwa kijipunguzie umeme chenyewe. Kimoja kikikataa, iwe kadi ya Wi-Fi au diski, betri inaliwa usiku kucha. Kwenye deep karibu kila kitu hukatiwa umeme isipokuwa RAM, ambayo inabaki imeshika kazi yako. Nikaongeza mem_sleep_default=deep kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB inayoiwasha Linux, nikaendesha sudo update-grub, nikawasha upya. Kama kwako deep haionekani, tazama kwenye BIOS. Baadhi ya ThinkPad zina chaguo la Sleep State, na ndani yake limo neno Linux. Laptopu nyingi mpya hazina deep kabisa, na hapo usihangaike kuilazimisha. Nenda moja kwa moja kwenye hilo linalofuata, ambalo kwa maoni yangu ndilo khasa linalotufaa sisi wa visiwani.

Hata deep inakula betri, kidogo kidogo. Umeme ukikosekana siku mbili, hiyo kidogo inatosha kukupotezea hesabu za watu. Dawa yake ni kuhifadhi yaliyomo kwenye RAM katika diski, kisha mashine izime kabisa isitumie umeme wowote; ndiyo inayoitwa hibernate. Linux inaweza kuunganisha yote mawili: ilale kwanza, na ikipita muda bila kufunguliwa, ijihifadhi na kujizima. Huo ndio mwendo wa shamba langu. Kati ya mchumaji na mchumaji inaamka papo hapo. Nikisahau kuifungua mpaka kesho, haipotezi kitu.

Inahitaji nafasi ya swapu, yaani sehemu ya diski inayopokea yaliyomo kwenye RAM. Nina RAM ya GB 8, nikaunda faili la swapu la GB 10 kwenye diski ya ext4. Kisha kerneli, yaani kiini cha Linux, iambiwe faili liko wapi, kwenye mstari uleule wa GRUB: resume= pamoja na UUID (namba ya utambulisho) ya patisheni lilimo faili, na resume_offset= pamoja na namba inayotolewa na sudo filefrag -v /swapfile, mstari wa kwanza, safu ya physical_offset. Chukua namba ya mwanzo tu, bila zile nukta. Kwenye /etc/systemd/sleep.conf niliandika HibernateDelaySec=45min, na kwenye /etc/systemd/logind.conf nikaweka HandleLidSwitch=suspend-then-hibernate.

Ikikataa, angalia Secure Boot, ule ulinzi wa kuwasha mashine ulioko kwenye BIOS. Ikiwa imewashwa, kerneli ya Debian hufunga njia ya kujihifadhi kwenye diski, na utahangaika na swapu bure.

Kuna na kipanya. Kile kipokezi cha USB kikibaki kimechomekwa, kipanya kikitikisika mkobani kinaweza kuiamsha mashine. Orodha ya vinavyoruhusiwa kuamsha iko /proc/acpi/wakeup; mimi nachomoa tu.

TLP, programu ya kubana matumizi ya betri, nimeiweka na inafanya kazi yake. Ushauri wa kuishia chaji asilimia 80 ili betri idumu ni wa kweli, lakini ni wa watu wenye umeme wa uhakika. Usiku wa kuamkia shambani naendesha sudo tlp fullcharge na ijae mpaka juu. Betri itazeeka mapema kidogo, na iwe hivyo. Mchumaji aliyepanda mkarafuu tangu alfajiri hana sababu ya kusubiri malipo yake kwa ajili ya afya ya betri yangu.

Kabla hujagusa logind.conf, jaribu sudo systemctl hibernate kwa mkono, huku umefungua faili usilolijali. Na siku ukilifuta faili la swapu ukaunda jengine, ile namba ya resume_offset inabadilika. Ichukue upya na uibadilishe kwenye GRUB, la sivyo mashine itawaka kama mpya na kazi uliyoiacha wazi haipo.