Nyasi za De Smet

Jana jirani alikata nyasi za uani, na harufu yake ilipoingia jikoni nilisimama nimeshika mwiko, ugali ukiungua, kwa maana ilinirudisha De Smet, katika jimbo la South Dakota, kiangazi kile Wanjiru alipokuwa na miaka tisa na hasomi kitu kingine ila vitabu vya Laura Ingalls Wilder, mwandishi Mmarekani aliyesimulia utoto wake mwenyewe.

Tulitoka Minneapolis alfajiri. Walnut Grove, mji walikowahi kuishi akina Laura, hatukukaa sana: nyumba yao iliyochimbwa kwenye ukingo wa kijito cha Plum Creek ilibomoka zamani, na kilichobaki ni shimo lililoota nyasi, ambalo Wanjiru alilitazama kimya kama mtu aliye makaburini.

De Smet ndiko tulikokaa. Katika shamba la ekari 160 ambalo baba yake Laura alilipata kwa sheria ya mwaka 1862 iliyowagawia watu ardhi ya serikali, karibu na mipopla aliyowapandia mkewe na binti zake wanne, mwongozaji alitugawia nyasi kavu atufundishe kuzisokota. Katika majira ya baridi ya 1880 hadi 1881 theluji ilizuia treni, makaa ya mawe yakaisha, na familia ile ikawa inachoma nyasi zilizosokotwa badala ya kuni.

Kabla mwongozaji hajamaliza maelezo, mikono yangu ilikwisha kuanza. Nilisokota mpaka nyasi zikakaza na kujikunja zenyewe katikati, kisha nikachomeka ncha ndani ili zisifumuke. Vumbi lilinikwaruza koo, na viganjani zikabaki alama nyekundu. Nyanya ndiye aliyenifunza, kwa katani, akiviringisha nyuzi za kiondo pajani na kunirudishia kila uzi uliolegea.

"Mama," Wanjiru akauliza, "akina Laura walikuwa walowezi?"

Neno hilo nyumbani kwetu lina maana moja tu: watu waliochukua shamba la babake nyanya kule Kiambu, naye akageuka kibarua katika ardhi aliyozaliwa. Nilijibu kwamba ndiyo.

"Na hapa palikuwa pa nani?"

Nikamwambia palikuwa pa Wadakota, ambao jimbo lenyewe limebeba jina lao. Hakusema kitu. Alinisogezea fundo lake, akitaka nimwonyeshe tena namna ya kuchomeka ncha.

Mwandishi huyo nampenda kwa dhati. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1932, akiwa na miaka 65, na bado aliweza kumkalisha mtoto wa mbali kama wangu karibu na jiko la utotoni mwake.

Usiku ule, tukiwa hotelini, nilimpigia nyanya simu. Nilimsimulia baridi, treni zilizokwama, na nyasi zinazosokotwa kama katani yake, naye akacheka kwa furaha, akauliza kama nilikaza vizuri. Neno walowezi sikulitamka.