Nilivyompimia baba mdogo farasi kwa kamba ya boksi la chai

Baba mdogo anafuga punda huko Ismani, Iringa. Aliposikia naenda Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani, kwa mafunzo ya wiki mbili ya mambo ya mbegu, hakuniagiza simu wala viatu. Alisema, "Nasikia huko ndiko kwenye farasi. Kaniangalizie anampita punda kwa kiasi gani." Yeye farasi amemwona kwenye televisheni tu, na televisheni, kwa maneno yake, ng'ombe na panya huwaonyesha kwa ukubwa mmoja.

Wiki ya kwanza sikupata kitu. Mashamba ya farasi tuliyapita kwa basi, uzio wa mbao nyeusi hauishi, na farasi wenyewe wako mbali, wadogo kama mbuzi. Ningempelekea nini mzee?

Jumamosi mwenyeji wangu akanielekeza Thoroughbred Park, kona ya Main Street na Midland Avenue, karibu tu na nilikofikia. Thoroughbred ndio jina la mbegu ile ya farasi wa mbio. Bustani yenyewe ni kama ekari mbili na nusu, haina geti wala kiingilio. Baridi yake usiniulize, na mimi ni mtu wa Iringa.

Nilipofika nilisimama kwanza. Farasi saba wa shaba, wakubwa kama farasi hai, wanakimbilia mstari wa mwisho, na watu wao wameinuka juu ya matandiko. Pua zimetanuka, mishipa imetoka shingoni, hatamu zimekaza. Aliyewafinyanga ni mama mmoja, Gwen Reardon, na bustani ilifunguliwa mwaka 1992. Wapanda farasi nao wamefanywa kwa sura za watu wa kweli, akina Pat Day na Willie Shoemaker. Niliingia katikati yao nikashika goti la mmoja. Lilikuwa baridi kama bati la alfajiri.

Mfukoni nilikuwa na kamba ya katani, ile iliyofunga boksi la majani ya chai ya Mufindi nililomletea mwenyeji. Nikaanza kupima. Kumbe farasi anayekimbia hapimiki! Miguu ameitupa mbele na nyuma, tumbo limeshuka, kimo chote kimepotea. Nimefunga fundo, nimefungua, mara tatu.

Nikapanda kilimani, ambako kuna sanamu za majike na watoto wao wakila majani. Hawa wametulia. Nikachagua jike mmoja, nikakanyaga ncha ya kamba kwenye kwato, nikaivuta hadi shingo inapokutana na mgongo. Fundo la kwanza. Urefu wa kiwiliwili ulinishinda peke yangu, mpaka akapita bibi mmoja mweusi na mbwa wake, akaniuliza ninafanya nini. Nikamweleza habari za baba mdogo na punda wake. Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akanishikia ncha ya pili. Fundo la pili.

Bibi huyo ndiye aliyenionyesha nyumba za East End, nyuma ya kile kilima. Ukiwa barabarani huzioni. Ni mtaa wa watu weusi tangu zamani, na uwanja wa zamani wa mbio za farasi wa mji ulikuwa huko huko. Isaac Murphy, mtoto wa mama mtumwa, aliishi huko. Alishinda Kentucky Derby, mbio kubwa za farasi za jimbo hilo, mara tatu, mwaka 1884, 1890 na 1891. Hata Derby ya kwanza kabisa, ya 1875, mshindi alipandwa na mtu mweusi, Oliver Lewis. Nilirudi kuwatazama wale saba upya. Mweusi hayumo hata mmoja.

Ismani nilifika jioni. "Kamwene, baba." "Kamwene." Hata chai hakungoja, akamtoa punda dume nje. Nikakanyaga kamba kwenye kwato, nikaivuta juu. Fundo la kwanza, ambalo kwa yule jike lilikuwa begani, kwa punda lilifika kwenye ncha za masikio. Baba mdogo alinyamaza. Akaizunguka kamba, akalishika fundo, akaliachia.

"Anakula debe ngapi?"

"Yule wa shaba, baba, hali."

Hakucheka. Nikamwambia mbio za Derby ni kilomita mbili kwa dakika mbili hivi.

"Na mzigo?"

"Mtu mmoja na tandiko lake. Kilo hamsini na saba."

"Nusu gunia na kitu." Akampiga punda kofi la shingo, la upendo. "Kwa nusu gunia hata mimi ningekimbia."

Asubuhi naaga, nikaitafuta kamba niondoke nayo kama kumbukumbu. Nikaikuta imefunga mlango wa zizi, mafundo yangu yote mawili yakiwa yamemezwa na fundo lake moja kubwa.